Tumetumiwa mkataba wa franchaizi tuusaini kwa kompyuta, kila upande na nakala yake: je, unatufunga?

SWALI: Mimi na mke wangu tumesajili kampuni ndogo ili tuchukue franchaizi ya kampuni iliyo nchi nyingine, yaani tufanye biashara kwa jina lao, chapa yao na taratibu zao. Wametutumia mkataba wa kurasa 64 kupitia kiungo cha barua pepe, tusaini kwenye kompyuta. Karibu na mwisho kuna kifungu kinachosema mkataba "unaweza kutiwa saini katika nakala tofauti, kila moja ikihesabiwa kuwa halisi na zote kwa pamoja zikiwa hati moja", na kwamba saini ya kielektroniki ina nguvu sawa na ya wino. Mwakilishi wao anasema mfumo ukitusumbua, tuchapishe ukurasa wa mwisho tu, tusaini, tuupige picha na kumtumia. Anatuhimiza tumalize leo. Mke wangu naye anatakiwa kusaini dhamana. Je, mkataba wa namna hii ni halali ilhali hakutakuwa na karatasi hata moja yenye saini zetu wote? Na tukisaini leo, tumefungwa kuanzia leo?

JIBU: Ndugu, nianze na lile mnalotaka kulijua kwanza. Ndiyo, mkataba wa namna hiyo kwa kawaida ni halali, na kukosekana kwa karatasi moja yenye saini za wote hakuuharibu. Kilichonishtua katika barua yako ni hiyo picha ya ukurasa wa mwisho. Hilo msilifanye, na nitaeleza kwa kirefu kwa nini. Ugomvi wa saini katika mikataba ya biashara ni nadra siku hizi kuhusu kama kubofya kitufe ni kusaini. Watu hugombana juu ya mambo mawili: tulisaini maandishi yapi, na yalianza kutufunga lini. Mkiweza kuthibitisha hayo mawili miaka saba baadaye, mbele ya mtu asiyewajua, mko salama hata kama hakuna tone la wino popote.

Kuhusu saini ya kielektroniki yenyewe, sheria imepata muda wa kukomaa. UNCITRAL, Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sheria za biashara ya kimataifa, ilitoa sheria ya mfano ya biashara ya kielektroniki mwaka 1996, na nyingine ya saini za kielektroniki mwaka 2001. Nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, zimechota humo. Msingi wake ni kwamba pale sheria inapodai saini, inatosha iwepo njia inayomtambulisha aliyesaini na kuonyesha ameyaridhia maandishi, mradi njia hiyo iaminike kulingana na uzito wa shughuli. Marekani ina sheria yake ya shirikisho ya mwaka 2000, E-SIGN. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 910/2014, maarufu kwa jina la eIDAS, iliyoanza kutumika kwa saini mwezi Julai 2016. Zote mbili zinasema saini isinyimwe nguvu kwa sababu tu ni ya kielektroniki.

Hayo maneno "kwa sababu tu" yasomwe vizuri. Sheria imefunga mlango mmoja wa kupinga saini, lakini milango mingine iko wazi. Bado mtu anaweza kusema si yeye aliyebofya, au kwamba maandishi yalibadilishwa baada ya yeye kubofya. Ndiyo maana Ulaya wameziweka saini katika ngazi tatu. Ya chini ni ile ya kawaida: jina lililochapwa mwishoni mwa barua pepe, picha ya saini iliyobandikwa, kubofya "Nakubali". Ya kati hufungamanishwa na msainiji kwa namna inayomtambulisha yeye peke yake, na huonyesha kama faili limeguswa baadaye. Ya juu kabisa hutumia cheti kilichotolewa na mtoa huduma aliyeidhinishwa, na hiyo pekee ndiyo inayolinganishwa na saini ya mkono kwa nguvu ya sheria yenyewe. Zile nyingine zinaweza kukubaliwa, ila zikipingwa, anayezitegemea lazima azithibitishe. Kwa mkataba utakaowafunga kwa miaka kadhaa na kubeba akiba yenu, waulizeni mfumo wao unatoa saini ya ngazi gani. Kisha tazameni kifungu kinachotaja sheria ya nchi itakayotumika, kwa kuwa jibu la maswali yenu yote linaanzia hapo.

Sasa hizo nakala tofauti. Utaratibu huu ulikuwepo kabla ya kompyuta. Pande zikiwa mbalimbali, zilichapishwa nakala mbili zinazofanana neno kwa neno, kila upande ukasaini yake, zikabadilishana kwa posta. Kifungu mlichokiona kinaziunganisha nakala hizo ziwe hati moja, na kinamzuia yeyote kusema baadaye, "Nakala niliyo nayo haina saini yako, kwa hiyo hatuna mkataba." Si kila nchi ilifika hapo kwa urahisi. Scotland ilibidi itunge sheria mahsusi mwaka 2015 ili kuondoa shaka kama hati inaweza kusainiwa kwa nakala tofauti. Ujerumani, pale sheria inapodai mkataba uwe wa maandishi, kifungu cha 126 cha Sheria yao ya Kiraia kinataka saini zikae kwenye hati moja. Lakini zikiwepo nakala kadhaa zinazofanana, inatosha kila upande usaini ile inayokwenda kwa mwenzake. Kifungu kinachofuata, cha 126a, kinasema mkitumia njia ya kielektroniki, kila upande usaini hati yenye maandishi yaleyale. Ufaransa, kifungu cha 1375 cha Sheria ya Kiraia kinataka nakala halisi ziwe nyingi kadiri ya pande zenye maslahi tofauti, na kila nakala itaje ziko ngapi. Kwa mkataba wa kielektroniki, sharti hilo huhesabiwa limetimia ikiwa hati imetengenezwa na kuhifadhiwa inavyotakiwa, na kila upande unaweza kupata nakala yake ya kudumu au kuifikia.

Nchi tofauti, mapokeo tofauti, lakini kote maandishi lazima yawe yaleyale. Kifungu cha nakala tofauti hakiwezi kuziokoa nakala mbili zinazotofautiana. Ikiwa yenu inasema mrabaha, yaani malipo ya kutumia chapa, ni asilimia 6 ya mauzo na yao inasema asilimia 8, hakuna maneno ya kisheria yatakayozigeuza hizo kuwa hati moja. Mtakuwa na kesi.

Jambo moja ambalo wengi hawaligundui: mkisaini wote ndani ya mfumo wao, hamsaini nakala tofauti hata kidogo. Mnasaini faili lileile kwa zamu, na mwisho hutoka hati moja yenye saini zote, pamoja na karatasi ya kumbukumbu inayoonyesha nani alifungua kiungo, kwa anwani gani ya barua pepe, siku gani na saa ngapi. Kifungu hicho kinakuwa na kazi pale tu mmoja anaposaini kwenye karatasi na mwingine kwenye mfumo, au wote kwenye karatasi wakiwa mbalimbali. Kwa hiyo njia ya mfumo, ikifanya kazi, ndiyo inayowalinda zaidi. Njia ya pembeni aliyowapa mwakilishi ndiyo dhaifu.

Hebu utazameni huo ukurasa wa mwisho wanaotaka muupige picha. Mara nyingi una kichwa kinachosema "Kwa kushuhudia hayo, pande zimetia saini", mistari miwili mitatu ya majina na nafasi ya tarehe. Hauna kiwango cha ada, hauna eneo, hauna muda. Mtu akiutenganisha na kurasa 63 zilizotangulia, unaweza kubandikwa nyuma ya kurasa 63 nyingine na kukaa sawasawa. Sisemi mwakilishi ana nia hiyo. Nasema katika mazungumzo ya franchaizi rasimu hubadilika hadi dakika ya mwisho: eneo linapunguzwa kidogo, tarehe ya kufungua inasogezwa, kiambatisho kinaongezwa. Kurasa za saini zilizokusanywa mapema huishia kwenye toleo ambalo waliosaini hawakulisoma, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Mahakama Kuu ya Uingereza ilikutana na jambo hili mwaka 2008, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Mercury Tax Group. Watu walikuwa wamesaini kurasa za saini za rasimu ambazo hazijakamilika, kisha kurasa hizo zikahamishiwa kwenye hati za mwisho zilizobadilishwa. Jaji hakuipokea njia hiyo: kwa aina ile ya hati, yaani hati rasmi inayosainiwa mbele ya shahidi (kwa Kiingereza "deed"), saini inapaswa kuwa sehemu ya hati ileile iliyokuwepo mtu aliposaini. Baada ya hapo mawakili wa kule waliweka utaratibu mpya. Toleo la mwisho hutumwa kwanza kwa kila mtu, na anayesaini hati za aina hiyo hurudisha faili zima la toleo hilo pamoja na ukurasa uliosainiwa, katika barua pepe moja. Hata pale sheria isipolazimisha, ningewashauri mfanye hivyo. Inawagharimu dakika chache za skana.

Kwa hiyo mfumo ukigoma, chapisheni kurasa zote 64 na viambatisho vyake. Hakikisheni chini ya kila ukurasa pana jina la mkataba, tarehe ya toleo na namba, kwa mfano "ukurasa wa 12 kati ya 64". Wekeni saini fupi kila ukurasa na saini kamili mwishoni, kila mmoja kwa mkono wake. Skanini zote kama faili moja. Rudisheni faili hilo pamoja na PDF waliyowatumia, ikiwa vilevile, na katika barua pepe semeni mmesaini toleo hilo na si jingine. Hapo tu ndipo kifungu cha nakala tofauti kitakapowafaa.

Kabla ya kubofya chochote, fungueni viambatisho. Nalisisitiza hili kwa sababu mkataba wa franchaizi hujengwa kwa namna yake. Mwili wa mkataba ni uleule kwa kila anayechukua chapa, na watu huusoma kwa uchovu hadi mwisho. Mambo yanayowahusu nyinyi peke yenu yamekaa nyuma: ramani au maelezo ya eneo lenu, ada ya kuanzia, mrabaha, mchango wa matangazo, tarehe ya mwisho ya kufungua, majina ya wadhamini. Mara nyingi nafasi hizo huwa tupu kwenye faili linalotumwa, na mtu huambiwa zitajazwa na ofisi. Msisaini juu ya nafasi tupu. Mfumo utathibitisha kwa uaminifu wote kwamba mlikubali ukurasa usio na kitu, na atakayeujaza baadaye atakuwa amewaandikia masharti. Angalieni pia kitabu cha mwongozo wa uendeshaji. Kwa kawaida hakiambatishwi, ila mkataba unawabana mkifuate pamoja na mabadiliko yake. Ombeni itajwe kwa maandishi ni toleo la tarehe gani lililokuwepo siku ya kusaini.

Kuna njia ya kiufundi ya kuthibitisha kwamba mafaili mawili yanafanana kabisa. Kompyuta inaweza kukokotoa kutoka kwenye faili lolote mfuatano wa tarakimu na herufi 64 kwa kanuni iitwayo SHA-256. Ikibadilishwa herufi moja ndani ya mkataba, hata nukta, mfuatano wote unatoka mwingine. Mifumo mizuri ya saini huutumia kujua kama faili limeguswa. Nanyi mnaweza kukokotoa wenu kwenye faili mlilopokea, mkautaja katika barua pepe, na upande wa pili ukathibitisha kwamba wao wanapata uleule.

Swali lako la mwisho, kama mkisaini leo mmefungwa leo, ndilo ambalo kosa lake ni ghali. Katika franchaizi, mwenye chapa kwa desturi husaini wa mwisho. Mikataba mingi inasema wazi kwamba haitakuwa na nguvu hadi afisa wa makao makuu aliyeidhinishwa asaini. Kitafuteni kifungu hicho. Kama kipo, saini zenu za leo kwa kawaida ni ombi linalosubiri kukubaliwa: wao wanaweza kukaa nalo wiki tatu, au wasisaini kabisa. Msikodi jengo, msiajiri mtu, msiagize vifaa, na kama inawezekana msilipe ada ya kuanzia, mpaka mshike nakala iliyosainiwa na pande zote. Nimeona watu wakilipa kodi ya jengo kwa miezi wakisubiri saini ya upande wa pili, na mikononi wana saini zao wenyewe tu.

Hali inaweza kuwa kinyume pia. Mkisaini halafu mkapata wasiwasi kabla wao hawajasaini, je, mnaweza kujitoa? Katika sheria nyingi ombi linaweza kuondolewa kabla halijakubaliwa, lakini baadhi ya mikataba ina maneno yanayosema ombi halitaondolewa kwa siku kadhaa. Ombeni iandikwe tarehe ya ukomo: mwenye chapa asiposaini na kurudisha nakala ndani ya siku, tuseme, 14, saini zenu zinakuwa batili na fedha yoyote mliyotoa inarudi. Ni mstari mmoja, na mwenye chapa mwenye nia njema hana sababu ya kuukataa.

Tarehe nazo zichunguzeni. Mkataba unaweza kuwa na tarehe tatu: ile iliyochapwa ukurasa wa kwanza, zile zilizo kando ya saini, na ile ya mfumo. Muda wa mkataba, siku ya kufungua na malipo ya kwanza hukokotolewa kutoka mojawapo. Ningetaka mkataba useme "tarehe ya kuanza" ni siku ya saini ya mwisho, kwa saa za mahali palipotajwa, kwa kuwa pande zikiwa nchi mbili, saini ya usiku huku inaweza kuwa ya jana au ya kesho kule.

Na hiyo haraka ya "malizeni leo" mimi siipendi. Nchi kadhaa zimeweka siku za lazima za kusoma na kutafakari kabla ya mtu kusaini franchaizi, kwa sababu watunga sheria waliwaona watu wakisukumwa hivyohivyo. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inadai mwenye chapa ampe mnunuzi hati ya taarifa za awali angalau siku 14 za kalenda kabla hajasaini au kulipa. Mwenye chapa akibadilisha masharti kwa upande wake peke yake na kwa namna ya maana, mnunuzi awe na mkataba uliokamilika siku 7 kabla ya kusaini. Ufaransa ni siku 20. China ni siku 30. Afrika Kusini, Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008 inampa aliyechukua franchaizi siku 10 za kazi baada ya kusaini kuufuta mkataba bila adhabu, kwa taarifa ya maandishi. Ulizeni ni kanuni ipi inayomgusa mwenye chapa wenu.

Hapa saini ya kielektroniki ina mtego wake. Kanuni ya FTC inakubali hati ya taarifa itolewe kwa njia ya kielektroniki, na tafsiri yake ya saini inajumuisha nywila na namba za siri. Ndani ya hati hiyo mna stakabadhi ambayo mnunuzi huisaini kukiri tarehe aliyoipokea, na mwenye chapa huitunza kwa miaka 3 angalau. Siku zinahesabiwa kwa kutegemea tarehe hiyo. Basi mkikuta stakabadhi ya hati ya taarifa imewekwa katika mfuatano uleule wa kubofya pamoja na mkataba wenyewe, simameni. Mkiambiwa mjaze tarehe ya wiki mbili zilizopita, kataeni: mtakuwa mmejinyima ulinzi ambao sheria iliwapa, na kumbukumbu ya mfumo itaonyesha mlibofya leo.

Dhamana ya mke wako ni hati inayojitegemea, hata kama imebandikwa nyuma ya mkataba. Kampuni yenu ikishindwa kulipa, dhamana hiyo ndiyo inayomfikisha mwenye chapa kwenye mali zake binafsi. Kwa sababu ya uzito huo, nchi nyingi zimeiwekea masharti makali kuliko mkataba wenyewe. Ufaransa, mtu aliyetoa dhamana nje ya shughuli za kazi yake hakuweza kuisaini kwa njia ya kielektroniki hadi mabadiliko yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Uingereza bado wanafuata sheria ya mwaka 1677 inayodai dhamana iwe ya maandishi na yenye saini. Hata hivyo, mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya kule, katika shauri la Golden Ocean, ilikubali kwamba mlolongo wa barua pepe ulioishia na jina lililochapwa ulitosha kuwa dhamana iliyosainiwa. Kwa hiyo mke wako asiandike kwenye barua pepe au ujumbe wa simu "sawa, nitadhamini" akidhani ni maneno ya njiani.

Na ikiwa dhamana imeandikwa kama hati inayohitaji shahidi, mtafuteni shahidi wa kukaa naye chumba kimoja. Tume ya Sheria ya Uingereza na Wales, katika ripoti yake ya mwaka 2019, ilisema saini ya kielektroniki inafaa hata kwa hati za namna hiyo, lakini kwa sheria ilivyo shahidi lazima awepo kimwili anaposhuhudia. Kumtazama msainiji kwenye video hakutoshi.

Lililo muhimu zaidi ni kila mmoja asaini kwa barua pepe yake na simu yake. Wanandoa wengi hutumia anwani moja, na anayejua kompyuta huwasainia wote wawili. Chukulieni kumbukumbu ya mfumo inaonyesha saini ya mume saa 3:14 usiku, na ya mke saa 3:14 usiku huohuo, anwani moja ya barua pepe, kifaa kimoja. Mwenye chapa akidai kwa dhamana hiyo, mke atasema hakuwahi kuiona, na huenda ni kweli. Na aliyemsainia atakuwa na la kujibu pande zote mbili. Mwombeni mwenye chapa amtumie mke wako kiungo chake peke yake, chenye namba ya siri inayofika kwenye simu yake. Aisome dhamana kwa utulivu, na ikiwezekana apate wakili wake mwenyewe.

Kwa upande wa kampuni yenu, nyinyi mnasaini kama wakurugenzi, na jina lililo juu ya mstari lazima liwe lile lililo kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi. Andaeni azimio la wakurugenzi linalotaja nani anasaini na kwamba anaweza kusaini kwa njia ya kielektroniki. Waombeni nao wathibitishe mamlaka ya anayewasainia. Mwakilishi wa mauzo mara nyingi hana mamlaka hayo.

Bado kuna mambo yanayoweza kuhitaji wino. Upangaji wa jengo, usajili wa leseni ya alama ya biashara, na mahali pengine usajili wa franchaizi yenyewe, huweza kudai hati halisi iliyothibitishwa na mthibitishaji. Malaysia, kwa mfano, wana Sheria ya Franchaizi ya mwaka 1998 yenye masharti ya usajili. Ulizeni mapema, ili msianze kukimbizana na saini za mkono baada ya kila kitu kumalizika.

Hati ikikamilika, pakueni faili lenyewe pamoja na cheti cha kumbukumbu siku hiyohiyo, na mvitunze mahali pawili au zaidi. Viungo hufa, na akaunti ya mfumo ni ya mwenye chapa. Msichapishe faili na kuliskani tena mkidhani mmelihifadhi: ushahidi wa kiufundi umo ndani ya faili la awali, na kwenye karatasi haubaki ila umbo la saini. Sheria ya E-SIGN pia inakubali kumbukumbu inyimwe nguvu ikiwa haiwezi kutunzwa na kutolewa tena kwa usahihi na wale wanaostahili kuwa nayo.

Wakili anayeijua sheria iliyotajwa katika mkataba aupitie kabla hamjasaini. Wakati mkimtafuta, mwandikieni mwakilishi hivi:

"Tumepokea mkataba. Kabla ya kusaini tunaomba: kwanza, toleo la mwisho lenye viambatisho vyote vimejazwa, tarehe ya toleo na namba kwenye kila ukurasa. Pili, viungo viwili tofauti vya kusaini, kimoja kwa mkurugenzi na kimoja kwa mdhamini. Tatu, uthibitisho wa maandishi kwamba mkataba utaanza siku ya saini ya mwisho, na kwamba msiposaini ndani ya siku 14 saini zetu zitakuwa batili na malipo yoyote yatarejeshwa. Nne, jina na cheo cha atakayesaini kwa niaba yenu. Hatutatuma ukurasa wa saini peke yake. Tukilazimika kutumia karatasi, tutarudisha hati nzima."

Mwakilishi akilijibu la tatu kwa simu tu, mwombeni aliandike.